Waliomficha Umutesi

Mmoja wenu aliandika gazetini wiki iliyopita kwamba mimi nina nuksi, na kwamba mtu yeyote anayenipangisha nyumba ajihadhari. Nakubali. Hata mimi ningekuwa na nyumba nisingempangisha mtu kama mimi.

Kwa wale waliofungiwa maandazi kwa gazeti la wiki iliyopita kabla hawajalisoma, nitasema kwa kifupi. Jina langu ni Umugwaneza. Mwaka jana lava ya volkano ya Nyiragongo ilikula nyumba yetu karibu na Munigi, ikamla na baba yetu Sebahire, aliyerudi kuwafungulia mbuzi. Tukahamia Murara, hapa Goma mjini, vyumba viwili: mama yetu Mukagasana, dada yangu mkubwa Léocadie, mimi, na mdogo wetu wa miaka kumi, Umutesi. Jina hilo kwetu hupewa mtoto wa kudekezwa. Huyu wa kwetu amedekezwa na ugonjwa wa damu unaoitwa SS, yaani selimundu.

Nilikuwa nimechaguliwa na shule kwenda kwenye shindano la sayansi, fainali Jumatatu. Léocadie alikuwa amepata mchumba, Ferdinand, na posa ilipangwa Jumamosi. Na kwa kuwa macho ya Umutesi ni ya manjano, na wakwe hawapendi kuoa kwenye nyumba yenye macho ya namna ile, mama alimpeleka Kibati kwa shangazi Clotilde, akae huko hadi ng'ombe wa mahari wakubaliwe.

Hapo ndipo tulipofikia. Sasa sikilizeni.

Ijumaa mchana tulikuwa darasani, mimi na Célestin, timu ya watu wawili, pamoja na Ernestine aliyekuwa wa akiba. Mbele yetu ilisimama hemoglobini yetu, ile protini ya damu inayobeba hewa. Tuliitengeneza kwa waya wa umeme uliovuliwa plastiki, tukauzungusha kwenye kalamu ya biki ili utoe misokoto. Minyororo minne, imekumbatiana. Kwenye minyororo miwili kati ya hiyo, mahali pa sita, tulifunga ushanga mwekundu.

Ugonjwa wa Umutesi unakaa pale pale. Mahali pa sita panapaswa kukaa asidi ya glutamiki, kwake imekaa valini. Kosa ni hilo moja tu, na mtoto mzima anaharibika.

"Umugwaneza," alisema mwalimu wetu, Prof Anastase, "baridi inafanyaka nini?"

"Baridi inabana mishipa. Damu inaenda polepole, hewa inapungua. Hemoglobini zinashikana, chembe ya damu inapinda kama mundu, inaziba njia. Mgonjwa anapata maumivu makali."

"Na akikosa maji?"

"Damu inakuwa nzito. Maumivu yanazidi."

"Bravo! Unajibu kama mashini."

Kweli, nilijibu kama mashini. Umutesi alikuwa na siku kadhaa Kibati, chini ya mlima wenyewe, kwenye ukungu na manyunyu, na mfuko wake wa nguo niliubeba mimi hadi kwenye pikipiki. Nilikuwa nimelikariri jibu lote na sikuwahi kumfikiria yeye.

Célestin alishika sehemu ya mkasi. Ndivyo tulivyouita, ila jina lake ni Cas9. Nayo ni protini. Unaipa kipande cha RNA cha kuiongoza, inafika kwenye jeni unayoitaka, inakata. Kwa wagonjwa wa SS mkasi unakata ile swichi inayozima hemoglobini ya tumboni mwa mama, isiyo na kosa lile, na mwili unaanza kuitengeneza tena. Ng'ambo wameshaanza kuwatibu watu hivyo. Célestin alieleza vizuri, akapiga chafya, akaeleza tena.

Niwaambie na hili, maana litanitesa mbele. Prof alikuwa ametutuma tukapime familia zetu, tuelewe ugonjwa unavyorithiwa. Mimi nilitoka AA, sina kitu. Léocadie alitoka AS, yaani haumwi lakini anabeba. Akizaa na AS mwenzake, kila mimba ina hatari moja kati ya nne ya kuwa SS. Nilipomwambia mama, alisema, "Hiyo ni mambo ya masomo. Uiache kule ku masomo."

"Kitu moja inakosa," alisema Prof, akizunguka waya wetu. "Shule zingine zitaleta ordinateur, kompyuta nzima. Siye tuko na waya. Jury ya kutupima inataka mutu. Mufano ya mutu!"

"Prof," alisema Célestin, "Umugwaneza eko na mudogo yake, ni SS kabisa."

Nilikuwa nimemwambia kwa siri, na aliapa. Nilimkanyaga mguu, lakini maneno yalishatoka.

"Kweli? Na unanifichaka?" Prof alinishika bega. "Umulete! Tutamusimamisha hapa pembeni. Utasema: huyu njo mudogo yangu, na hii ushanga iko ndani ya damu yake. Jury italia, nakuambia!"

"Hayuko Goma, Prof. Eko Kibati."

"Kibati njo Ulaya? Jumatatu asubuhi awe hapa. Kama hapana, Ernestine atapanda fasi yako."

Ernestine alianza kunyoosha kola yake pale pale.

Mjue kwamba washindi walikuwa wanapewa bourse, ufadhili wa kusomea udaktari. Msichana ambaye lava imekula nyumba yake haoni mlango mwingine. Niliamua nimfuate Umutesi, na sitawadanganya: niliamua kwa ajili ya jukwaa, si kwa ajili ya baridi.

Jioni nyumbani mama alikuwa anamenya viazi vya wakwe. Baba mdogo Théogène, aliyetakiwa kusema kwa niaba yetu kwenye posa, alikuwa anafanya mazoezi ya kukohoa kizee.

"Mama, kesho asubuhi nataka nimufate Umutesi."

Kisu kilisimama. "Kesho? Kesho ya bakwe?"

"Kule iko baridi. Na banasema vita iko Kibumba, pale juu tu."

"Vita iko Kibumba tangu unazaliwa."

"Prof anasema..."

"Prof njo atamuoa Léocadie?"

Théogène alicheka hadi akakohoa kweli. Kisha akanivuta kwa upole, maana yeye ni mtu wa upole, na watu wa upole ndio wanaonitisha.

"Sikia, mutoto yangu. Mutoto mugonjwa hatumukatae. Hatumuhesabu tu. Bakiisha kukubaliana ng'ombe, atarudi, atakula nyama sawa bengine."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," nilisema.

Kofi la mama lilinifikia kabla sijafunga mdomo. Mkono wake ulikuwa na maji ya viazi, nikabaki na unga shavuni.

"Kilio unaitia nani hapa? Hii nyumba haijalia ya kutosha?"

Léocadie alikuwa amesimama na mushanana wake mpya, ile nguo ya sherehe ya kufunga begani, akijitazama kwenye kioo cha simu. Alisikia yote. Hakusema hata neno moja, na nilimchukia.

Jumamosi wakaja. Wazee wa upande ule walijaza sebule, vijana wakakaa uani, Ferdinand katikati na suti iliyombana kwapa. Mama yake hakuja. Walituomba radhi, walisema amepata msiba Bukavu, nasi tulisikitika wote kwa pamoja. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku alipokuja kumtazama Léocadie. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini.

Mzee wao alianza kwa utani wa siku hizo. "Tulikuwa tunapita na ng'ombe zetu. Moja ikaona majani ya hapa, ikakataa kutembea."

"Ng'ombe yenu iko na macho mazuri," alijibu Théogène, na wote wakacheka.

Wakanywa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Wakacheka tena. Halafu yule mzee akaweka glasi chini.

"Batoto ya hii nyumba, bote bako hapa?"

"Bote. Léocadie, na huyu anayewapa kinywaji. Mungu alitupa babili."

"Na ugonjwa ya mulango, ile ya ukoo?"

"Hapana. Siye tunakufaka na uzee tu."

Nilimkumbuka baba, aliyekufa na lava, nikamwaga kasiksi kwenye kiatu cha mtu.

Hapo simu ya mama ikalia. Ilikuwa mezani, katikati ya chupa, na kwenye kioo chake liliandikwa jina la shangazi Clotilde. Mama aliliona. Nami nililiona. Akakata.

Ikalia tena. Akakata.

Ikalia mara ya tatu. Mwanamke mmoja wa upande ule akasema, "Mama, pokea. Pengine iko jambo."

"Ni mutu ya makala ya kupikia," alisema mama. "Anauzishaka makala mubichi. Amenichosha."

Akaizima. Namwona hata leo, kidole gumba kinakandamiza, na meno yote nje, anacheka na wageni.

Dakika chache baadaye barabara ikaanza kelele. Pikipiki, filimbi, watoto wanaoitwa majina. Kijana mmoja akachungulia kutoka uani, akasema, "Bazee, Kibati inakimbia! Waasi banashuka, batu bote banakuja mujini!"

Wazee wakatazamana. Mzee wao akashika glasi yake.

"Tuendelee," alisema. "Ng'ombe haziogopake masasi ya bunduki."

Mama alicheka kuliko wote. Nikaweka sinia jikoni, nikatoka kwa nyuma na mushanana wangu na viatu vya kuazima.

Mwenye pikipiki wa kwanza alinibeba hadi Munigi akazima injini. Barabara nzima ilikuwa imejaa watu wanaoteremka, magodoro vichwani, sufuria, mbuzi wamefungwa kamba.

"Batu bote banashuka, weye unapanda," alisema. Akanitazama pua, na wa Goma mnajua pua ya Munyarwanda inavyoulizwa siku hizi, maana waasi wanasemekana ni wa damu yetu. "Unaenda kusalimia bandugu yako?"

"Naenda kutwaa mutoto mugonjwa."

"Sema vile kwa barrière ya baaskari."

Akageuza. Nikavua vile viatu, nikapanda kwa miguu, nikisukumwa na kila mtu. Walioniambia rudi walikuwa wengi. Mmoja alinitukana kwa Kiswahili, mwingine kwa Kinyarwanda.

Karibu na Kibati nilikutana na shangazi Clotilde uso kwa uso. Godoro kichwani, mtoto mgongoni, wawili wanamshika sketi. Nilihesabu wale watoto kwa macho, nikahesabu tena.

"Tantine, Umutesi eko wapi?"

Akaanza kulia papo hapo, godoro likicheza kichwani. "Nilipiga simu! Nilipiga, mama yako anakata! Miguu inamuuma tangu jana, hawezi kutembea. Na miye niko na bangu batatu. Nilimuweka pale ku kanisa, ku barabara, batu bamuone. Batu ni bengi, mutu atamubeba."

"Mutu nani?"

"Mungu eko."

Nilimpita.

Umutesi alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa kanisa, miguu ameinyoosha mbele. Kitenge kilichomfunika kilikuwa kimelowa manyunyu. Alikuwa anauma meno. Mwanamke mmoja, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alisimama karibu naye kama aliyeshindwa kuamua.

"Ni wako?" aliniuliza. "Aksanti Mungu. Tunamuuliza, weye mutoto ya nani, hasemi. Batu batano bamemuuliza. Bwana yangu alitaka kumubeba, mais mutoto asiyesema ni wa nani, utamufikisha kwa nani? Siku hizi batu banaogopa."

Nikapiga magoti. Midomo ya Umutesi ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Yaya," aliniita, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

"Banakuuliza jina, juu ya nini unanyamaza?"

"Mama alisema nisiseme mi ni wa kwenu mpaka bakwe baende." Akavuta pumzi, ikamuuma. "Bakwe banashaenda?"

Wasomaji, nililia. Nililia na kamasi, mbele ya watu wanaokimbia vita, na wengine walisimama kidogo kunitazama.

Aliyetubeba ni kijana mmoja, Janvier, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mizigo ya kusukuma. Alikuwa amepakia magunia mawili ya viazi. Alimtazama Umutesi, akatukana hewa, akateremsha gunia moja akaliacha kando ya barabara. Tukamweka Umutesi juu ya lililobaki. Chukudu ni ya mbao na gurudumu lake ni la mbao, na barabara ile ni ya mawe ya lava. Kila jiwe lilimtoa Umutesi ukelele.

Nilimvua kitenge kilicholowa, nikamfunga na mushanana wangu, nikabaki na sketi ya ndani na blauzi. Niliomba maji kwenye kila bidoni, yaani dumu, iliyotupita. Maji, joto, pumzi. Nilikuwa nafuata majibu ya shindano, moja baada ya jingine, na alizidi kupauka.

Hospitalini mjini korido ilijaa askari waliojeruhiwa. Janvier alimlaza Umutesi kwenye kitanda cha mwisho cha watoto, akarudi kumtafuta mama yake mwenyewe. Daktari, msichana aliyenizidi miaka michache tu, alimfunua Umutesi kope la chini. Ndani lilikuwa jeupe. Akamtoboa kidole, akapima kundi la damu.

"Anaomba damu, na ni leo. Eko O. Weye?"

"Mimi ni A."

"Haitaingia. Ku frigo ya damu hakuna ya kukupa, yote ilienda kwa bajeruhi. Tafuta mutu ya O ambaye habebi huu ugonjwa. Haraka."

Nikampigia mama, simu ilikuwa bado imezimwa. Nikampigia Léocadie, ikaita hadi ikachoka. Nikampigia Théogène, akakata. Kisha simu yangu ikalia yenyewe, nikaipokea bila kutazama.

"Umemupata?" Ilikuwa sauti ya Prof Anastase.

"Tuko hospitali, Prof. Eko mubaya sana. Jumatatu sijui kama..."

"Hospitali?" Akafikiri kidogo. "Bon. Umulete na ile sérum, maji ya sindano, ku mukono. Itakuwa muzuri zaidi."

"Prof, huyu mutoto anakufa! Shindano yako..."

"Shindano yako weye. Ernestine eko hapa, anakariri."

Nikakata. Nilipogeuka, niliona kwamba kwenye kitanda kilichotazamana na chetu kulikuwa na binti wa miaka kama kumi na minne, ana sindano ya maji mkononi. Macho yake yalikuwa ya manjano ileile. Mwanamke mnene alikuwa anamlisha uji, mgongo kwangu. Aliposikia neno shindano alikuwa ameacha kulisha. Sasa akageuka.

Alikuwa Mama Ferdinand. Yule mwenye msiba Bukavu.

Alinitazama mimi. Akautazama mushanana wangu ulivyomfunga Umutesi. Akamtazama Umutesi machoni, na mimi nikamtazama binti yake machoni. 

"Ni wa kwenu?" aliuliza.

"Ni mudogo yangu. Na huyo?"

"Ni wa mwisho wangu."

"Balisema uko Bukavu."

"Na kwenu balisema muko babili tu."

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Pale sebuleni nyumba mbili zilikuwa zinadanganyana saa ileile, kwa maneno yaleyale, na kasiksi juu yake. Halafu kicheko kikakauka, maana kichwa changu cha shindano kilikuwa kimeshaanza hesabu.

"Mama, Ferdinand ni nini? Alipima?"

Aliweka kikombe chini. "AS."

"Léocadie pia ni AS."

Hakushtuka. Alifumba macho kidogo tu.

"Basi mama, hii ndoa haiwezi..."

"Ndoa itaendelea. Ferdinand alikataliwa mara mbili juu ya huyu dada yake. Mara mbili, bakwe banaingia, banamuona huyu, banarudia ku mulango. Mutoto yangu mukubwa ananiambiaka, mama, ungemuzika huyu kungali mapema. Akisikia! Huyu eko hapa anasikia!" Binti alitazama uji wake. "Mara ya tatu sitaiona."

"Lakini kila mimba ni moja kati ya nne."

"Na tatu zinabaki. Siyo vile?"

Daktari alirudi. "Umepata mutu?"

"Hapana."

"Sasa mudogo yangu, mi nitafanya nini?" Daktari alisema kwa uchovu, si kwa ukali. Umutesi alikuwa ameacha kulia. Hilo liliniogopesha kuliko ukelele wote wa njiani.

Mama Ferdinand akasimama. "Docta, ile mufuko ya pili ya damu ya mutoto yangu, ile kaka yangu alitoa, ingali ku frigo?"

"Iko. Ni ya kesho, kama atazidiwa."

"Ni O?"

"Ni O."

Akanishika mkono, akanivuta hadi koridoni, katikati ya majeruhi. Mmoja alikuwa anaomba sigara. Sauti yake ilikuwa ileile ya chini, nzuri, ya mama wa kanisa.

"Nitaipatia mudogo yako. Leo, sasa hivi. Mais weye hukuniona hapa. Léocadie hatajua, mama yako hatajua. Na ile shindano, nilisikia, huyu mutoto asikanyage kule. Batu ya kanisa yetu bengi bataenda. Bakimuona na jina ya kwenu, batauliza, na bakiuliza batafika kwangu."

"Bila yeye, bananitosha inje ya timu."

"Basi bakutoshe inje."

"Na Léocadie? Ni dada yangu, mama. Ataingia bila kujua?"

"Ataingia sawa nami niliingia." Akautazama mlango wa wodi. "Sikushikishe kwa nguvu. Mufuko ni yangu. Unaweza kukataa."

Najua wapo kati yenu watakaosema wangekataa. Watakuwa wameketi, wamekunja gazeti, wana chai. Mimi nilikuwa naona miguu ya mdogo wangu kupitia mlango, haisogei.

"Ndiyo," nilisema.

"Apa."

"Naapa."

"Kwa baba yako."

"Kwa baba yangu."

Akaenda kusema na daktari.

Wakapima kama damu zinaoana, zikaoana. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya Sake mfuko ulipotundikwa. Tone, tone, tone. Nilimpigia Prof, nikamwambia Ernestine apande. Akaniambia nimejiua mwenyewe, na katika hilo alikuwa mkweli. Mlango wangu wa udaktari ulifungwa hapo, kwenye ukingo wa kitanda, na sikuwa na nafasi ya kuulilia kwa sababu Umutesi alikuwa ameanza kupata rangi ya midomo.

Alifungua macho. "Yaya, njaa," alisema, akalala.

Mama Ferdinand, toka kitanda cha pili, alisema, "Ashukuriwe Mungu." Naye alisema kwa moyo. Hilo ndilo linalonichanganya hadi leo.

Simu ikalia. Léocadie.

"Umugwaneza! Bamekubaliana! Mama anacheza kule inje, Théogène amelewa, Ferdinand analia sawa mutoto! Uko wapi weye? Mama alikuulizia."

"Aliniulizia nini?"

"Nani atasafisha vyombo." Akacheka. Nyuma yake nilisikia ngoma. Kisha akashusha sauti, na kelele ikafifia, nadhani aliingia chumbani akafunga mlango. "Sikia. Nikwambie kitu, usiambie mutu. Hata Ferdinand hajajua. Njo maana nilinyamaza jana wakati mama anakupiga, nilikuwa naogopa, nilisema bakwe bakirudi nimekwisha. Sasa siogope tena. Niko na mimba. Mwezi wa pili."

Mama Ferdinand alikuwa amesimamisha kijiko hewani, anatazama mdomo wangu. Mfuko ulikuwa umefika nusu. Daktari alikuwa amesimama karibu na Umutesi, mkono kwenye mfuko, anasoma jina la binti mwenye damu ile.

"Dada yangu," alisema Léocadie, "umenyamaza. Haufurahi juu yangu?"